Tani Saba Nyuma ya Nyumba ya Zella

Zella Oma Stiltner, binti wa Ephraim Cantrell. Huyo Ephraim ndiye ambaye wachimbaji walimchagua akae mizanini kwa niaba yao wasipunjwe, na kampuni ilipomletea paja zima la nguruwe siku ya Krismasi ili awe anafumba jicho moja, alilibeba begani akalitundika kwenye mlango wa ofisi yao, likaozea pale mpaka mbwa wakalitungua. Mjukuu wa Dovie Cantrell, mkunga, aliyepokea nusu ya watu wa korongo hili na hakupoteza mama ila mmoja, na kwa huyo mmoja daktari ndiye aliyetangulia kufika. Mjane wa Burl Stiltner, aliyekuwa akitoka shimoni mweusi kama chungu, ananawa uso tu, halafu anapanga bloku mpaka giza liingie. Hivyo ndivyo nyumba yao ilivyosimama. Na Zella mwenyewe: alikaa zaidi ya miaka ishirini katika kibanda cha mizani cha machimbo madogo ya makaa ya mawe, akitazama lori likikata kona kule chini na kuutaja uzito wake kabla halijapanda mizani. Madereva walikuwa wakiwekeana dau. Mgeni akiweka dau dhidi yake, wenyeji walimwonea huruma.

Mimi ni wifi yake, mke wa kaka yake Otha. Nyumba zetu zinatazamana katika korongo la Turkeypen, mashariki ya Kentucky, kijito katikati, na kwa miaka yote hiyo hakuna taa iliyowaka kwake nisiione, wala sufuria iliyoungua kwangu asiisikie harufu yake. Ninayoyasema nimeyaona.

Kumjua Zella, ujue kwanza kwamba hakai. Anakula amesimama kando ya karo, sahani mkononi. Maharage anayamenya huku akitembea barazani, kwenda na kurudi, maganda yanaanguka nyuma yake kama njia ya kuku. Kanisani anasimama nyuma karibu na mlango, anasema mgongo unamuuma, na mgongo wake ni mzima kuliko wangu. Burl alimnunulia kiti cha bembea walipotimiza miaka ishirini ya ndoa. Paka ndiye aliyekikalia mpaka akazeekea humo. "Nimeoa upepo, jamani," Burl alikuwa akisema, "lakini upepo unaojua kupika."

Kutotulia huko hakukumdhuru mtu mpaka maji yalipoanza.

Waliokuja kununua miti ya kileleni walikata kila kitu, wakaondoka wakaacha mlima uko uchi kama kondoo aliyenyolewa. Baada ya hapo mvua ikinyesha, mlima haukuyanywa tena maji. Uliyatuma chini, na cha kwanza kukutana nacho kilikuwa ukuta wa nyuma wa nyumba ya Zella, ule wa chumba cha chini uliochimbiwa ubavuni mwa mlima. Mwaka wa kwanza ukuta ulitoa jasho. Mwaka wa pili chupa zake za maharage na matango ya siki zilianza kuota kutu vifunikoni. Mwaka wa tatu, huo wa tisini na sita, ukuta ulikuwa umetokeza tumbo kama mwanamke wa miezi minne, na Zella alikuwa akishuka ngazi kuutazama asubuhi kabla ya kahawa, na baada ya kahawa, na kila wingu lilipopita juu ya kilele. Ukimpigia simu hapokei. Yuko chini, mkono ukutani.

Mwezi wa Februari mwanawe wa pekee, Lowell, alikuja kutoka Columbus, kule Ohio, anakofanya kazi ya bima. Aliushika ukuta kwa kiganja.

"Mama, huu ukuta unakuja."

"Unakuja wapi? Nina miaka arobaini hapa, haujanifikia."

"Weka mkono basi. Husikii unavyotoa jasho?"

"Hata wewe ukisukumwa na mlima utatoa jasho."

"Sitanii. Ukianguka huu, juu yake kuna jiko, na jikoni uko wewe." Akageuka kwangu. "Mama Icie, mwambie wifi yako. Nimempatia chumba karibu na kwangu. Kina joto, ghorofa ya tatu, kuna lifti, hapandi hata ngazi moja."

"Ghorofa ya tatu!" Zella akasema. "Na maji ya vyombo nimmwagie nani kichwani?"

Lowell hakucheka. Amerithi kidevu cha babu yake Ephraim, na kidevu hicho kikishajikaza hakuna wa kukilegeza. Akasema: "Sawa. Tufanye lolote linalofanyika, nitakuja kila mwisho wa wiki kukusaidia. Mvua kubwa ya Machi ikipita na ukuta umesimama na sakafu ni kavu, sitafungua mdomo tena. Ikiingia, unafunga virago unakuja na mimi siku hiyo hiyo. Bila maneno."

Zella alimtazama, halafu akanyoosha mkono, wakashikana kama wauza ng'ombe. Mimi nikiwa shahidi, na nilitamani nisiwe. Kumtoa Zella katika korongo lile ni kama kumtoa samaki majini ukamwambia mezani kuna nafasi zaidi.

Otha ndiye aliyetaja mtaro wa kokoto. Alikuwa amekaa barazani kwa dada yake, mtungi wake wa hewa pembeni, maana mapafu yake aliyaacha shimoni kama wenzake.

"Chimba nyuma ya nyumba," akasema, akipumzika kila baada ya maneno matatu. "Chini kuliko sakafu. Tandika kitambaa. Laza bomba lenye matundu. Jaza kokoto. Maji yakipata njia rahisi hayahangaiki na ukuta."

"Na kwa nini hukusema miaka mitatu iliyopita?"

"Uliniuliza? Kila nikitazama unapita mbio na ndoo. Nikasema, huyu ana shughuli zake."

Basi tukakadiria vifaa. Lowell alivuta utepe wa kupimia nyuma ya nyumba, Zella akimfuata nyuma na kuvuta tena kuhakikisha, na hesabu tukaiandika kwa chaki kwenye bloku zenyewe. Nyuma ya nyumba futi arobaini, halafu mtaro ukunje kona ya jikoni ushuke futi ishirini nyingine ubavuni. Ubavu wa pili tukauacha, kwa kuwa bomba la gesi linapita karibu na hatukuona maji upande huo. Upana futi moja na nusu, kina futi tatu. Mteremko inchi moja kwa kila futi nane, la sivyo maji yatalala humo kama mlevi. Mabomba ya futi kumi kumi: sita yenye matundu, mawili mazima ya kuyatoa maji mpaka kijitoni.

Kitambaa nilikadiria mimi. Lowell alitaka kuagiza upana wa futi nne na nusu. Nikamwambia, mwanangu, unamvalisha nani? Mtaro una chini, una shavu huku na shavu huku, halafu kitambaa lazima kikunjwe juu kufunika kama unavyofunika mkate wa mahindi usiingiwe na inzi. Moja na nusu, tatu, tatu, moja na nusu tena: futi tisa. Nimekata viraka vya mablanketi tangu sijaota matiti, sikukosea kitambaa siku hiyo na sijakosea bado. Kilitosha, hakikubaki hata cha kufutia kioo.

Zikabaki kokoto. Lowell akazidisha pale ukutani: futi za ujazo mia mbili na sabini.

"Kwari, kule machimbo ya mawe, wanauza kwa tani," akasema. "Ni tani ngapi hizo, Mama?"

Zella alikuwa anapita na kapu la kuni. Hata hakusimama. "Tani moja inakaa futi arobaini. Gawa."

"Sita na robo tatu."

"Agiza saba. Kwetu hatuagizi pungufu."

Hakuna aliyebisha. Otha, aliyepakia magari ya shimoni tangu ana miaka kumi na sita, alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilitikisa. Lowell mwenyewe alilelewa chini ya meza ya kibanda kile cha mizani, akichezea vipande vya chaki vya mama yake. Futi arobaini tani moja: tulijua hilo kama tunavyojua Sala ya Bwana.

Sasa ikaanza ile wiki ya Machi. Watu wa gesi walitakiwa waje kwanza kupiga alama zao za rangi kwenye majani ili tusije tukachimba bomba lao, na hawakuja siku waliyosema. Zella alisimama barabarani asubuhi nzima na shali lake. Walipokuja aliwafuata hatua kwa hatua akiwaambia bomba linapita wapi, kwa sababu alikuwepo lilipowekwa, na kijana wa rangi akasema, "Bibi, si unishikie tu mkono kabisa?" Akamshika. Kweli, alimshika kifundo cha mkono akampeleka.

Redio ilisema mvua Jumamosi usiku. Halafu ikasema Jumamosi jioni. Kila ilipotangaza Zella alikuja kwangu kupitia daraja la mbao kuniambia nilichokisikia mwenyewe.

"Wifi, umesikia? Jioni."

"Nimesikia."

"Kilichokuwa usiku sasa ni jioni. Kesho watasema mchana."

"Kaa unywe kahawa."

"Nani ana muda wa kukaa?" Na tayari yuko darajani anarudi.

Hata mimi alinitia wasiwasi. Nilijikuta nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Otha akasema tumekuwa kama kuku wawili waliosikia mwewe.

Ijumaa wanaume wa ukoo na wa kanisa walikuja na sururu na makoleo, wakachimba mpaka jioni. Na hapo ndipo hofu ilipozaliwa kweli. Mtaro ulio wazi chini ya ukuta mgonjwa ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro. Mvua ikiujaza kabla kokoto hazijaingia, maji yanasimama miguuni mwa ukuta, yanakula udongo wa chini, na ukuta uliokuwa umeinama unakosa hata pa kuegemea. Ukishachimba, umefunga safari; hurudi nyuma. Zella alitembea ukingoni mwa shimo lile mpaka nikaogopa atatumbukia.

Jumamosi asubuhi lori la kwari likaja. Dereva alikuwa mnene mwenye kofia, akateremka akatazama mtaro, akatazama mzigo wake.

"Tani saba, bibi. Ndizo ulizoagiza?"

"Unajua kusoma? Si zimeandikwa?"

"Zimeandikwa. Nauliza tu, maana mtaro una tumbo."

"Baba, mimi nimepima malori kabla mama yako hajajua kupika uji. Mwaga."

"Haya," akasema dereva, "mwenye shimo ndiye mwenye kauli." Akamwaga, akaenda zake. Kwari hufunga Jumamosi saa sita mchana, na haifungui tena mpaka Jumatatu.

Kazi ilianza kwa vicheko. Kitambaa kikatandikwa, mabomba yakalazwa matundu chini, Lowell na pima maji yake amelala kifudifudi kama anayetafuta sindano. Wakaanza kujaza kutoka kona ya juu, toroli baada ya toroli, wakiufikisha juu kabisa kipande kwa kipande, kama mtu anavyojaza soseji. Wanawake tulikuwa jikoni na sufuria ya maharage na nyama ya kuku na maandazi ya chumvi. Mlimani mawingu yalikuwa yamekaa chini, rangi ya sahani ya bati.

Mara makoleo yakanyamaza. Ukishazoea sauti ya makoleo, kunyamaza kwake kunakugusa begani. Nikatoka.

Lowell alikuwa amesimama kwenye kokoto za mwisho. Chini ya buti zake palibaki labda toroli mbili. Mtaro ulikuwa umejaa robo tatu tu ya nyuma ya nyumba. Kutoka hapo mpaka kona ya jikoni, na ubavu mzima, bomba lilikuwa limelala uchi shimoni.

"Mama," akasema, "hazitoshi."

"Zitatoshaje wakati mnazimwaga kama mnalisha bata?"

"Hatukumwaga. Tazama. Ni nusu."

Zella akaja. Akalitazama shimo, akatazama pale palipokuwa na lundo. Akainama akaokota kokoto moja, akaipakata kiganjani, akaipandisha na kuishusha kama anavyopima yai. Akaokota nyingine. Halafu alifanya kitu ambacho sikuwa nimemwona akifanya mchana wa jua katika maisha yangu yote: alikaa. Pale pale, kwenye udongo uliochimbwa, gauni lake na yote.

"Makaa," akasema. "Futi arobaini ni makaa ya mawe."

Wanaume waliokuwa pale walikuwa wachimbaji au wana wa wachimbaji, na niliona nyusoni mwao likiingia polepole, kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Makaa ni mepesi. Jiwe lina uzito mara mbili yake. Tani yake ni lundo dogo, nusu ya lile tulilokuwa tukiliona vichwani mwetu. Tulikuwa watu wazima zaidi ya kumi, tumeishi na mizani vizazi vitatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kununua mawe. Nani ananunua mawe Turkeypen? Unajikwaa nayo tu.

"Mama," Lowell akaanza, na sauti ilikuwa ya upole, ndiyo mbaya zaidi. "Ndiyo maana nasema. Si kosa lako. Ni umri tu. Mtu akifika—"

"Koma hapo," akasema Zella, bado amekaa.

"Nasema tu tuwe na busara. Leo ni kokoto. Kesho ni jiko la gesi umesahau kulizima."

"Wewe ndiye uliyegawanya," mimi nikamwambia. "Na Otha akatikisa kichwa. Na mimi. Tutahamia wote Columbus?"

Otha alikuwa barazani, mtungi pembeni, na kutoka huko ikaja sauti kama mlango unaokwaruza. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka nikataka kumkimbilia.

"Ephraim Cantrell," akasema alipopata pumzi. "Kampuni nzima. Haikuweza kumpunja. Binti yake. Kajipunja mwenyewe. Tani saba!"

"Wee Otha," akasema Zella, "kama usingekuwa na huo mtungi ningekuchapa."

"Inuka basi uje. Umekaa unangoja chai?"

Nadhani hicho ndicho kilichomwinua. Huruma ya mwanawe ilimkalisha, dhihaka ya kaka yake ikamsimamisha. Alijipangusa gauni, akawageukia watu wote, na sauti yake ilikuwa ile ya kibanda cha mizani, ya kusikika juu ya injini.

"Nimekosea. Nimepima mawe kwa kipimo cha makaa, na aliyekosea ni mimi, si Lowell wala mtu mwingine. Sasa sikilizeni. Ingieni humo, zile zilizojaa mzishushe. Tupate futi moja na nusu urefu wote, bomba lifunikwe kila mahali. Kuanzia hapo kwenda juu, mawe ya kijitoni."

"Ya kijitoni ni makubwa," mtu akasema.

"Makubwa kama nini? Kama kichwa chako? Maji hayachagui. Msilete yenye tope. Kila jiwe lioshwe lilipookotwa. Wanawake, zimeni jiko."

Tukazima jiko. Sitasahau mchana ule. Tulipanga mstari kutoka kijitoni, kuzunguka nyumba, mpaka shimoni, na mawe yakapita mkono kwa mkono, mengine ndooni, mengine bila ndoo, baridi na yanateleza kama samaki. Mke wa mchungaji alisimama majini na viatu vya kanisa. Lowell ndani ya mtaro alichimbua kokoto alizozipanga asubuhi, akizitupa mbele kwa koleo, shati limemgandia. Na Zella akawa kila mahali: kijitoni anachagua, mstarini anaziba pengo, shimoni anaelekeza, na kila mara uso wake juu kuelekea kilele, ambako mawingu yalikuwa yameshaanza kuteremka kwenye visiki.

"Haraka, jamani, haraka."

"Tunaharakisha, shangazi!"

"Mnaharakisha kama mnaokwenda kulipa deni."

Tone la kwanza liliniangukia shingoni wakati kona ya jikoni bado haijajaa. La pili na la tatu sikuyahesabu. Tulikunja kitambaa juu ya mawe mvua ikitupiga usoni, watu wanne kila upande, tukatupia udongo juu kidogo kidogo wa kukishikilia, kisha kila mtu akakimbilia gari lake. Maharage yalikuwa yamepoa. Hakuna aliyekula.

Ikanyesha. Juu ya bati ilikuwa kama lori la kokoto linalomwagwa bila kwisha, na mimi, nimelala kando ya Otha anayekoroma, nilisema moyoni, hizo ndizo tani saba tulizokosa.

Asubuhi ya Jumapili Zella hakuwepo kanisani nyuma karibu na mlango. Wimbo wa kwanza ulipokwisha na mlango bado hauna mtu, sikungoja wa pili. Nikapita daraja, maji ya kijito yako rangi ya kahawa yenye maziwa na yanagusa mbao. Gari la Lowell lilikuwa limewashwa, boneti imeelekezwa barabarani, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sanduku la nguo la Zella, lile la kahawia, limefungwa mkanda.

Niliwakuta chini, wote wawili, wameshika tochi. Zella amevaa koti na kofia. Hakunitazama.

"Alitaka sanduku liwe tayari," akasema. "Nikamfungia mwenyewe, asije akasema nimevunja neno. Sasa tunakagua."

Walikuwa wanatembea polepole kando ya ukuta wa nyuma, mwanga wa tochi unapanda na kushuka. Tumbo la ukuta lilikuwa pale pale, halijaongezeka. Chaki zetu zilikuwa zinasomeka. Lowell aliweka kiganja, akakiondoa, akakitazama. Kikavu, vumbi jeupe tu. Sakafu kavu. Kona ya jikoni, ile iliyokunjwa chini ya mvua, kavu. Nje tulisikia bomba likitapika kijitoni, mfululizo, kama ng'ombe anayekojoa barabarani, Mungu anisamehe, siku ya Jumapili.

Nikataka kupiga kigelegele. Ndipo Zella akaelekeza tochi yake upande wa pili, ule ubavu tuliouacha kwa ajili ya gesi, akasema, "Na huku?"

Angeweza kunyamaza. Lowell alikuwa hajafika huko. Lakini huyo ni binti wa Ephraim. Pale pembeni, chini kabisa, bloku mbili zilikuwa zimelowa, na juu ya sakafu kulikuwa na ulimi wa maji, si mrefu kuliko mkono wangu.

Gari lilikuwa linanguruma kule juu.

"Tulisema sakafu kavu," akasema Zella.

"Tulisema."

"Basi. Niko tayari." Na miguu yake, hata hapo, haikutulia, ilikuwa inapiga sakafu, taratibu, moja na nyingine.

Lowell alichuchumaa kwenye ule ulimi wa maji. Akaugusa kwa kidole, akafuata ulipotoka mpaka kwenye kiungo cha bloku. Aliposimama, hakumtazama mama yake. Alitazama ukuta wa nyuma.

"Ule ndio uliokuwa unakuja," akasema. "Umesimama. Hili ni chozi tu. Limekimbia kule limejitokeza huku." Akajikuna shingo. "Mkataba ulikuwa mvua ya Machi. Machi haijaisha, Mama."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nakwambia tarehe."

Akapanda ngazi. Tulisikia injini ikizimwa, mlango wa gari, hatua zake. Akarudi na sanduku la kahawia akaliweka ngazini. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Zella hakulia. Alivua kofia, akachomoa utepe wa kupimia kutoka mfuko wa koti, akampa mwanawe.

"Ubavu huu nao unataka mtaro. Mkono mmoja mbali na rangi ya gesi, usikaribie zaidi. Wa kukadiria ni wewe, peke yako. Urefu, bomba, kitambaa, kokoto, kila kitu."

"Na tani? Futi ngapi kwa tani?"

"Mimi sitakwambia, na usimuulize mjomba wako. Zimebaki kokoto kidogo pale nje. Chukua ndoo, ipime ujazo wake, ijaze, uiweke kwenye mizani ya bafuni. Ukishapata, rudia. Halafu nenda kwari ukaagize mwenyewe, kwa jina lako."

"Leo Jumapili."

"Ndoo haijui Jumapili. Nenda kapime, mvua imepungua."